Kaseti Iliyohamahama

Mjukuu wangu Wande na mwenzako Elias, funguo za kibanda cha gemu nimeshawapa lakini miguu yangu bado haijakubali. Asubuhi najikuta nimesimama mlangoni, kandambili ziko miguuni, ndipo nakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikikaa, mikono inatafuta waya wa kukunja. Nimefagia uwanja mpaka majirani wanauliza kama kuna mgeni anakuja. Basi nimeona niandike. Mwandiko wangu mnaujua. Niliishia darasa la nne kule Magu, na mwalimu wetu Yakobo Luhende alisema naandika kama kuku anayechakura. Mtasoma hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu ya ubishi wenu wa juzi. Elias anasema gemu ni ya kununua, uishike mkononi, iwe yako. Wande anasema siku hizi unalipia kwa mwezi tu, mashine inakufungulia gemu zote za zamani, hata zile walizocheza mama zenu, na kwamba CD za kununua wateja wanazikwaruza kama wanapara samaki. Elias akajibu kuwa siku usipolipa zinaondoka zote kwa mpigo, na hata ukilipa, wenye kampuni wakiamua kuitoa mojawapo wanaitoa, hawakuulizi. Mkanigeukia. Mkaniuliza mimi ningechagua lipi. Nikasema nina maharage jikoni. Sikuwa na maharage. Nilikuwa sina jibu fupi.

Jibu refu ndilo hili. Nilichokuwa napata na nilichokuwa nakosa sitaandika, hayo yalikuja na yakapita, na wengine mlikula humo humo. Naandika jinsi kazi ilivyoanza.

Babu yako Wande, Daudi Maduhu, mimi nilimwita Baba Nyanzala kwa jina la mama yako, alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Fundi kweli. Mashine ikikohoa, yeye alikuwa anajua ni kifua au ni koo. Ikaja miaka ile ya soko huria. Kiwanda kikapunguza watu, kikapunguza tena, halafu hakukuwa na wa kupunguza. Baba Nyanzala alirudi nyumbani ovaroli imekunjwa kwapani na bisibisi ndogo mfukoni, akakaa kitandani akatazama ukuta. Kesho yake akakaa tena. Hakulewa, hakugomba, hakutukana serikali kama wenzake. Angelewa ningejua la kufanya. Mwenzake mmoja, Faustine Mugeta, alikuja kumwita waende Geita kuchimba dhahabu. Alimwitikia salamu vizuri, kisha akageukia ukuta.

Na mji wote wakati ule ulikuwa haukai kitako. Kila mtu anafungua kitu, anafunga kitu. Aliyekuwa karani anauza mitumba, aliyekuwa anauza mitumba ana duka la redio. Viwanda vya minofu ya sangara vinaajiri, vya pamba vinafukuza. Watu walinunua televisheni kabla mji haujapata kituo cha kuonyesha kitu. Walitazama mikanda ya video, na wasio na mikanda walitazama chenga tupu za skrini. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi Nyakato, kwenye njia wanayopita wafanyakazi wa minofu, na nilikuwa na wasiwasi usio na jina. Nikikanda unga najiambia kuna kitu kinanipita.

Kilichopita kilikuwa Ngassa Mabula, kijana wa Kisukuma kama sisi, ana pikipiki na mkoba wa ngozi. Alikuwa anakwenda mpakani Sirari na zaidi ya hapo, analeta mashine za gemu na kaseti zake. Hakuwa anauza. Alikuwa anagawa. Anakupa televisheni, mashine, pedi mbili za kuchezea na kaseti, wewe unatoa banda na umeme na macho yako. Kila Jumatatu anakuja, anachukua fungu lake, na anabadilisha kaseti: za kwako anazipeleka kwa mwingine, za mwingine anakuletea wewe. Alikuwa na vibanda Nyakato, Usagara, Kisesa na Buswelu, na kaseti zinazunguka humo. Aliniambia mteja akizoea anachoka, akichoka anaondoka, kwa hiyo kaseti lazima itembee.

Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nilikulia ndani ya jambo hilo. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Anawagawa kwa watu wawachunge, ugonjwa ukiingia zizi moja asipoteze wote. Maziwa unakunywa, samadi ni yako, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Akifa, unamchuna unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwa macho yake kwamba hukumuuza. Baba yangu, Mzee Sayi Lubinza, alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Kwa hiyo Ngassa aliponiletea mashine nilimwuliza kitu kimoja tu, kama anakula umeme mwingi. Akacheka. Akasema, "Mama, huyu hali majani kabisa."

Siku ya kwanza nilifunika televisheni kwa kitambaa cha kufuma, kama ya sebuleni, na kitambaa kikaanza kunuka moshi. Hilo ndilo somo la kwanza, na nyie mashine zenu mpya zinazopumua kwa nyuma msizisukumie ukutani. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Yohana Bwire, mtu wa Mara, mkataji wa minofu, bado ana buti nyeupe miguuni na harufu yake yote. Alicheza amesimama. Wa pili alikuwa Leokadia, msusi wa jirani, ambaye alisema amekuja kutazama tu, na hakutoka mpaka mteja wake alipokuja kumfuata na nywele nusu zimesukwa. Sikujua nipime mchezo kwa nini. Saa sikuwa nayo. Nikaweka sheria: ukifa maisha matatu unampisha mwenzako. Yohana akawa hafi. Foleni ikanung'unika, ikabidi niongeze sheria kwamba asiyekufa naye ana mwisho, nikisonga ugali ukiiva anatoka. Watu walikuwa wananusa sufuria yangu kwa hofu.

Kaseti zilikuwa zinagoma. Unachomeka, skrini inakuwa ya kijivu. Ngassa alinifundisha kupuliza, na sisi wote tulipuliza, kibanda kizima kinapuliza kama tunawasha mkaa mbichi. Siku moja pedi ilikufa kitufe, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka kitandani pembeni ya Baba Nyanzala bila kusema neno. Niliporudi jioni ilikuwa imefunguliwa, imesafishwa, imefungwa, na raba ya ndani ameikata kutoka kwenye kandambili yangu ya kushoto. Sikulalamika. Kesho yake akaja mwenyewe kibandani, akatutazama tunavyopuliza, akasema mate yanaleta kutu, tumieni spiriti na pamba. Pamba ya kufutia alikuwa nayo mfukoni. Mtu wa kiwanda.

Hapo ndipo alipoiona ile kaseti.

Sisi tuliiita Kofia, kwa sababu mle ndani kuna mtu mdogo mwenye kofia anayetembea. Hapigani sana. Anatembea, anachimba, anavuka mito, anabisha hodi kwenye nyumba za watu, wanamwambia maneno. Maneno yenyewe yalikuwa ya Kichina au Kijapani, hakuna aliyejua, kwa kaseti ile sote tulikuwa darasa moja. Wateja hawakuipenda, ni ndefu mno. Lakini ilikuwa na jambo ambalo nyingine hazikuwa nalo: inakumbuka. Unaizima, kesho ukiiwasha unakuta mistari mitatu juu ya skrini, unachagua mstari wako, yule mtu anaanzia pale pale ulipomwacha. Baba Nyanzala aliipima mkononi akasema ni nzito kuliko wenzake, ndani kuna betri.

Akaanza kuja asubuhi kabla ya wateja. Mstari wa kwanza ulikuwa wake. Siku za mwanzo alikaa nusu saa anarudi nyumbani. Halafu akawa ananyoa ndevu kwanza. Halafu nikamsikia mezani, wakati wa chakula, anazungumza, mtu aliyekuwa ananiomba chumvi kwa kidole.

"Leo nimevuka mto," akasema.

Nikamwuliza mto gani. Akanieleza mto, na daraja lililovunjika, na mzee wa upande wa pili anayetaka umletee kengele. Alieleza mpaka ugali ukapoa. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa furaha na kwa hofu pamoja, kwa sababu nilikuwa najua Jumatatu inakuja.

Jumatatu ya kwanza niliomba, Ngassa akaiacha. Ya pili akaiacha. Ya tatu akasema Usagara wameishiwa, wateja wanapiga miayo, Kofia inakwenda Usagara. Nikamwambia niuzie. Si kwamba nilikuwa na uwezo, lakini nilikuwa na cherehani ya marehemu mama yangu na jogoo mmoja mkali, nilikuwa tayari kuanzia hapo. Ngassa alikuwa na adabu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nikikuuzia hii, Jumatatu nitakuja kuchukua nini kwako? Na wewe ukiwa nayo moja yako, utacheza hiyo hiyo mpaka lini?"

Nikamwambia si mimi ninayecheza, ni mzee. Akasema atamletea nyingine ya kutembea, kuna moja ya mtu mwenye upanga. Akaitia mkobani. Nikaona ile pikipiki inakata kona ya barabara ya Musoma na nikahisi kama imembeba mtu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Baba Nyanzala kitandani. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ukuta. Akaniuliza imekwenda wapi. Nikamwambia Usagara. Akauliza kama baiskeli ya Faustine Mugeta, aliyekwenda Geita, bado iko kwa mkewe.

Kutoka Nyakato kwenda Usagara si mchezo kwa baiskeli. Unavuka mji wote, unatokea upande wa pili, bado una safari. Alikuwa anaondoka asubuhi na anarudi jioni, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anakula kama mtu aliyetoka zamu. Nilidhani siku mbili tatu ataacha. Hakuacha. Na sasa wasiwasi wangu ukapata miguu mingine, kwa sababu Leokadia alianza kunitazama kwa huruma.

Leokadia alikuwa na tabia ya kukaa na jambo mdomoni kama pini ya nywele. Siku moja akaitoa.

"Mama Nyanzala, sitaki maneno. Lakini mzee wako anaonekana Usagara kila siku, kwa mjane mmoja anaitwa Getruda Ndaki. Anaingia asubuhi, anatoka jua likishuka. Na anamfagilia uwanja mpaka mlangoni."

Nikasema nashukuru. Nikakaanga maandazi yangu, yakaungua yote. Mnajua, nilijua kwamba kuna kaseti Usagara. Lakini pia kuna mjane Usagara, na akili ya mtu haichagui kitu kimoja. Nikafunga kibanda mchana, Yohana Bwire yuko katikati ya mchezo, hajafa, nikamtoa, nikapanda gari.

Getruda Ndaki alikuwa mwanamke mrefu, mpole, anasuka mkeka nje ya kibanda. Nilimsalimia kwa sauti ya mtu aliyekuja kugomba. Aliniitikia, akanipisha kwenye kigoda, akasema, "Wewe ndiye mwenzake. Karibu. Amefika kwenye pango leo, usimsemeshe." Ndani niliona kundi la vijana wamejipanga kwenye benchi na mume wangu katikati yao, pedi mkononi, ulimi nje kidogo. Hawakuwa wanamsukuma amalize. Mmoja alikuwa anamwonyesha njia, mwingine anasema hapana, mzee, jana tulipita kushoto.

Nilimwuliza Getruda kama wateja hawamfutii mstari wake, maana mtu yeyote akianza mchezo mpya juu yake, umekwisha, hakuna wa kuurudisha. Akanitazama kama nimeuliza kama wanakula mbwa. Akasema kila anayeshika kaseti ile anaambiwa kwanza kwamba mstari wa juu una mwenyewe. Wao wanatumia wa pili na wa tatu. Hakuwa amefundishwa na Ngassa. Alifanya vile kwa sababu zizini mwako kukiwa na ng'ombe wa mtu mwenye alama yake sikioni, hugusi, hata kama humjui.

Niliporudi niliwaza maneno mawili yanayogombana. La kwanza, mume wangu anaamka. La pili, kuamka kwake kumefungwa kwenye kitu kidogo cha plastiki ambacho si chake, kinachozunguka kwenye mikono ya watu nisiowajua, na kijana mmoja wa Kisesa asiyesikia anaweza kubonyeza kidole mara moja akamrudisha ukutani. Sikulala vizuri miezi ile. Kila Jumatatu nilimsumbua Ngassa. Nilimwambia niuzie, nikodishie moja kwa moja, niachie kama shukrani, maana hata mchungaji aliyechunga vizuri kwa muda mrefu hupewa mtamba, ng'ombe jike, awe wake. Ngassa alikuwa anavaa kofia yake ya pikipiki kabla sijamaliza. Alisema mtamba anazaliwa na ng'ombe, kaseti haizai.

Kutoka Usagara Kofia ikahamia Kisesa, na baiskeli nayo ikageuza tairi ikaelekea mashariki. Nilishukuru kidogo, Kisesa ni karibu zaidi. Kibanda cha kule kilikuwa cha ndugu wawili. Mkubwa alikuwa ndiye aliyepatana na Ngassa, lakini naye dhahabu ilimwita, akaenda, akamwachia mdogo wake Lubango Malale na maelezo nusu nusu. Huyu Lubango alikuwa mtu wa shamba, ametoka kwenye ng'ombe wiki ile ile. Hakuwa amemwona Ngassa zaidi ya mara moja, na siku hiyo Ngassa alikuwa na haraka, hakushuka hata kwenye pikipiki.

Sasa fikirini alichokiona Lubango. Anaona kila asubuhi mzee mmoja anakuja kwa baiskeli kutoka mbali. Anauliza kaseti imelalaje. Anaitoa, anaifuta kwa spiriti na pamba, anaitazama meno. Anakaa nayo siku nzima, na jioni anaaga, anasema itunzeni. Mtu wa namna hiyo kwetu ni nani?

Ile siku ilikuwa Jumatatu. Baba Nyanzala alishaondoka. Mimi nilikuwa kibandani nafunga nyaya, nangoja mkoba wa Ngassa, nikaona mwanamume kijana na mkewe wanakuja polepole, wamevaa nguo za kanisani, mwanamume ameshika mfuko kwa mikono miwili. Wakauliza kama hapa ni kwa Mzee Daudi Maduhu. Wakanisalimia, shikamoo mama, wote wawili, mke amepiga goti. Nikawakaribisha. Wakasema wao ni wa Kisesa, yeye ni Lubango mwenye kibanda. Wakaomba maji. Wakanywa. Wakauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Yule mke alikuwa ananitazama na macho yana maji.

Nikajua. Barabara ya Kisesa ina malori. Mikono yangu ikawa inakunja kanga, inakunjua, inakunja. Nilitaka kumwambia sema, na adabu inanizuia, kwa sababu habari kama hiyo ina mwendo wake na mwenye kuileta ndiye anayejua hatua. Lubango akakohoa.

"Mama, tumekuja na jambo si zuri. Limetokea mikononi mwetu, lakini Mungu anajua hatukufanya uzembe."

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, safi, kimepigwa pasi. Akakifungua kitambaa. Ikawa Kofia.

Sikumbuki kama nilicheka au nililia, mkewe Lubango alinishika bega. Lubango akaeleza kwamba wameiwasha asubuhi na mistari yote mitatu imefutika, hakuna aliyeigusa, imekata roho yenyewe usiku. Akaona si vizuri mwenyewe aje aambiwe njiani. Akamletea ngozi yake aione kwa macho yake, asije akafikiri wameuza.

Kumbe walipishana barabarani. Baba Nyanzala alifika Kisesa akakuta kibanda kimefungwa, jirani akamwambia wamekwenda kwako na msiba. Naye akageuza baiskeli akijua mimi ndiye niliyekufa. Aliingia uwanjani amelowa jasho, ananitazama kichwani mpaka miguuni. Nikanyoosha kidole kwenye kitambaa.

Alikaa. Mimi nilitazama uso wake tu. Miezi yote ile nilikuwa naogopa dakika hii, na sasa imekuja na wageni wamekaa, siwezi hata kumshika mkono. Lubango akarudia maneno yake yote tangu mwanzo, kwa utaratibu. Baba Nyanzala akamsikiliza. Akasema ahsante, umefanya kiungwana. Akaichukua ile kaseti, akaitia mfukoni mwa shati.

Na hapo pikipiki ikafika.

Ngassa aliwakuta Lubango na mkewe wamekaa kwenye benchi la wateja, akamwuliza kulikoni, mbona Kisesa kumefungwa, na Kofia iko wapi. Lubango akasimama kwa heshima akamwambia asiwe na wasiwasi, ameshairudisha kwa mwenyewe.

"Mwenyewe yupi?" Ngassa akauliza.

Lubango akamwonyesha Baba Nyanzala kwa kiganja. Akaongeza kwamba anamshukuru hata Ngassa, mchungaji wa mzee, kwa kazi nzuri ya kuwaswaga kutoka zizi hadi zizi.

Yohana Bwire alikuwa mlangoni na buti zake nyeupe, akalazimika kutoka nje kucheka. Ngassa alibadilika rangi. Alianza kusema habari za Sirari, za ushuru, za pikipiki yake, nani alinunua, nani aliyelala njiani. Lubango akawa anamsikiliza kwa upole huku anamtazama Baba Nyanzala, kama mtu anayengoja mwenyewe aseme mchungaji wake amelewa. Na mimi, mnanijua, nikaona mlango uko wazi nikaingia. Nikamwambia Ngassa, wote wa Kisesa wanajua ni ya mzee, wote wa Usagara wanaulinda mstari wake, na sasa imekufa, haikufai. Niachie ganda lake.

Ngassa akatutazama mmoja mmoja. Akachoka. Alikuwa kijana mzuri, na nadhani alikuwa hajawahi kukutana na watu wanaopeleka msiba wa kaseti.

"Haya," akasema. "Kaeni nayo. Imekuwa yenu. Nisisikie tena habari zake."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilimgeukia Baba Nyanzala. Alikuwa ameshatoa bisibisi, amefungua ganda, anatazama ndani kama alivyokuwa anatazama mashine za pamba. Akasema haijafa. Betri ndiyo imekwisha, fundi saa wa sokoni anazo, ataichomelea risasi leo leo. Alichotembea humo ndani kimepotea, lakini itakumbuka tena.

Nikamwambia umesikia, Baba Nyanzala? Ni yako. Hakuna Usagara tena, hakuna Kisesa. Utakaa hapa kivulini, unacheza kwa raha zako.

Akanitazama. Si kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayeombwa arudi ndani wakati ametoka tu.

"Ikikaa hapa," akasema, "na mimi nitakaa hapa."

Niliona kitanda, niliona ukuta. Miezi mingapi nilikuwa nahangaika kumfungia kitu kile nyumbani, na baiskeli imesimama pale uwanjani na matope ya njia tatu kwenye tairi zake.

Baba Nyanzala akamwuliza Ngassa kama kaseti nyingine za mzunguko zenye betri nazo ni za zamani hivi. Ngassa akasema zote ni za zamani. Mzee akamwambia basi zitakufa moja moja, na kwenye kila kibanda kutakuwa na mtu wa kulia, afadhali apite yeye azikague. Ngassa akafikiri, akasema inawezekana. Lubango akaitikia kabla hajaulizwa, kwa kuwa kwake ilikuwa kawaida mwenyewe kukagua mifugo yake.

Mchana ule ule betri ilipatikana. Baba Nyanzala aliichomelea, akaifuta, akaijaribu: mistari mitatu, yote mitupu. Akaiweka juu ya meza.

"Wiki hii inakwenda wapi?"

"Buswelu," Ngassa akasema.

"Buswelu njia ni ya mawe," akasema Baba Nyanzala, akatoka nje kwenda kuutazama mnyororo wa baiskeli.

Ngassa alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshasema ni yetu na hakutaka kuonekana anaichukua. Basi nikaiokota mimi mwenyewe, nikaikunja kwenye kile kitambaa cha mkewe Lubango, nikafungua mkoba wake wa ngozi, nikaitia ndani.